Nikon D750 na D810 kwa lenzi moja: ni ipi kali zaidi, na kwa kipimo kipi?

Kamera hizi mbili zilitangazwa mwaka mmoja, 2014, D810 mwezi Juni na D750 mwezi Septemba, na leo zote mbili hupatikana zaidi kama mtumba. Anayesimama mbele ya kabati la muuzaji, awe Dar es Salaam au Nairobi, kwa kawaida ataambiwa kwamba D810 ni kali zaidi kwa kuwa ina megapikseli 36 na mwenzake ana 24 tu. Kauli hiyo si ya uongo, lakini tofauti halisi ni ndogo kuliko namba zinavyodokeza, na namna inavyopimwa mara nyingi huipendelea kamera moja kabla picha ya kwanza haijapigwa. Tathmini hii inahusu ukali wa picha peke yake. Mambo ya video, uzito na umbo la mshikio nimeyaacha, isipokuwa pale yanapogusa ukali wenyewe.

Nimezichagua hizi mbili kwa sababu zinawezesha ulinganisho ambao kamera za makampuni tofauti haziwezi kuuruhusu. Zote zinatumia mlango mmoja wa lenzi, ule wa Nikon F, na vihisi vyake, yaani vipande vinavyopokea nuru na kuunda picha, vina ukubwa uleule wa takriban milimita 36 kwa 24. Kwa hiyo lenzi moja, AF-S 85mm f/1.8G, iliweza kuhamishwa kutoka kamera moja kwenda nyingine bila kugusa tripodi na bila kubadili umbali wala kilichomo ndani ya fremu. Anayelinganisha Nikon na Canon analinganisha pia lenzi mbili, na lenzi hutofautiana hata zikiwa za aina moja kutoka kiwanda kimoja: moja huwa na vioo vilivyokaa sawasawa katikati, nyingine hupoteza makali upande wa kushoto au wa kulia kwa sababu kioo kimoja ndani yake kimeinama kidogo. Mtu akichukua lenzi mbili tofauti, kisha akatoa hukumu juu ya kamera, huenda amehukumu lenzi bila kujua.

Hesabu ya pikseli ndiyo inayopotosha watu kwanza. Picha ya D750 ina pikseli 6016 kwa 4016, na ya D810 ina 7360 kwa 4912. Ukizidisha, D810 inamzidi mwenzake kwa karibu nusu, na hiyo ndiyo namba inayosemwa dukani. Lakini uwezo wa kuonyesha mistari myembamba iliyo karibu karibu haufuati eneo, unafuata urefu. Na kwa urefu, 7360 ni kubwa kuliko 6016 kwa asilimia 22 tu. Kwa maneno mengine, hata kama kila kitu kingekuwa kamili, lenzi isiyo na dosari, mkono usiotikisika na hewa tulivu, D810 haiwezi kuonyesha mistari zaidi ya hiyo asilimia 22 katika kimo cha picha ileile. Nusu nzima inayotangazwa haimo popote ambapo jicho linaweza kuiona.

Upotoshaji wa pili unatokea kwenye skrini, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu anayeufanya huamini kwamba anapima kwa makini. Watu hufungua picha zote mbili kwa asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, kisha huangalia ipi inaonekana kali. Kwenye skrini ya inchi 24 ya Full HD, picha nzima ya D750 kwa ukuzaji huo ingekuwa na upana wa kama mita 1.66, na ya D810 ingezidi mita 2. Picha hizo zimekuzwa kwa viwango tofauti, na ile iliyokuzwa zaidi lazima ionyeshe zaidi kila dosari ya lenzi, ya fokasi na ya mkono. Ndiyo maana wapo wanaoapa kwamba D750 ni kali kuliko D810. Wameona kweli walichokiona, ila kipimo walichotumia kinaiadhibu kamera kwa kuwa na pikseli nyingi.

Mkanganyiko huohuo umo hata ndani ya vipimo vya kitaalamu. Programu zinazopima ukali kwa kingo iliyoinama kidogo, kwa utaratibu unaoelezwa katika kiwango cha ISO 12233, zinaweza kutoa jibu kwa vizio tofauti. Ipo MTF Mapper, ambayo ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuitumia nyumbani kwa karatasi iliyochapishwa. Ipo na Imatest, inayolipiwa. Jibu likitolewa kwa mizunguko (jozi za mstari mweusi na mweupe) kwa kila pikseli, D750 huweza kupata nafuu, kwa kuwa pikseli zake ni kubwa na lenzi haihangaiki kuzijaza. Likitolewa kwa mistari katika kimo chote cha picha, D810 huenda mbele. Data ni ileile na picha ni zilezile. Kwa anayetaka kujua picha yake itaonekanaje ukutani au kitabuni, kizio cha pili ndicho chenye maana, kwa sababu hakuna mteja anayenunua pikseli moja moja.

Mahali pa kupigia palikuwa chumba chenye ukuta ulionyooka, na kilicholengwa kilikuwa kurasa za gazeti zilizobandikwa bapa, kanga yenye maandishi yake, kikoi kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba, na karatasi iliyochapishwa miraba myeusi iliyoinamishwa kama nyuzi 5 kwa ajili ya programu. Gazeti ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani: lina herufi ndogo, lina picha zilizojengwa kwa vidoti, na hata nyuzinyuzi za karatasi yenyewe huonekana kamera ikiwa na uwezo. Ubaya wake ni kwamba ni bapa, hivyo kamera isipokuwa sambamba nalo kabisa, upande mmoja utatoka nje ya fokasi na mpimaji atailaumu lenzi. Dawa yake ni kioo kidogo kilichobandikwa katikati ya ukuta, kikilala bapa juu ya karatasi. Ukitazama kupitia kamera na kuona taswira ya lenzi yako katikati ya fremu kabisa, mko sambamba; ikiwa imesogea kando, rekebisha tripodi mpaka irudi. Kazi hii inachosha, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Fokasi haikuachiwa mfumo wa kawaida wa kamera za kioo, yaani zile ambazo kioo kilicho ndani hupeleka nuru kwenye kitundu cha kutazamia. Katika aina hii ya kamera, unapotazama kwenye kitundu cha juu, fokasi hupimwa na kihisi kingine kilichokaa chini ya kioo, na umbali wa njia ya nuru kwenda huko usipolingana sawasawa na ule wa kwenda kwenye kihisi cha picha, kila picha itakuwa nje kwa unywele. Kwa kipimo cha ukali, unywele huo unatosha kubadili mshindi. Nililenga kupitia skrini ya nyuma, ambako kamera husoma kihisi chenyewe, nikakuza taswira mpaka vidoti vya gazeti vikaonekana, nikarekebisha kwa mkono. Baada ya kila picha pete ya fokasi ilizungushwa makusudi na kazi ikaanza upya, ili picha iliyochaguliwa mwishoni iwe bora ya kamera ile na si bahati ya mara moja.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza ya kweli ilipojitokeza, na haikuhusu megapikseli. Kioo kinapoinuka na shata, yaani pazia linaloruhusu nuru kufika kwenye kihisi, inapofunguka, mwili wa kamera hutetemeka, na mtetemo huo huumiza zaidi kwenye kasi za polepole, kuanzia robo ya sekunde hadi kama 1/60. Kamera zote mbili zina namna ya kuinua kioo mapema na kungoja kitulie. Lakini D810 ina pia pazia la kwanza la kielektroniki, ambalo huanzisha picha bila kipande chochote cha shata kusogea, na hufanya kazi katika hali hiyo ya kioo kuinuliwa. D750 haina. Kwa 1/15 ya sekunde, kioo kikiwa kimeinuliwa kote kuwili, vidoti vya gazeti kwenye picha za D810 vilibaki duara, na kwenye za D750 vilirefuka kidogo kwenda juu. Ukiishia hapo utasema D810 ni kali zaidi, na utakuwa umesema kweli kuhusu kasi hiyo ya shata. Nilipozima taa na kupiga kwa flashi za studio, ambazo mwako wake ni mfupi kiasi kwamba mtetemo haupati nafasi, sehemu hiyo ya tofauti ilipotea yote. Kwa hiyo nilizitenga: picha za flashi kwa kupima kihisi, picha za nuru ya dirisha kwa kupima kamera nzima.

Kuhusu kupima nje, nina neno moja tu. Kuna mazoea ya kupiga majengo yaliyo mbali, kwa mfano mtu akisimama Kivukoni na kulenga ng'ambo ya Kigamboni, kisha akalinganisha madirisha. Saa sita mchana hewa juu ya maji huchezacheza kwa joto, na picha mbili zilizofuatana kutoka kamera ileile zinaweza kutofautiana kuliko kamera mbili zinavyotofautiana. Kama ni lazima, nenda alfajiri. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, la sivyo unyevu wa pwani utaufunika uso wa lenzi kwa ukungu usioonekana kwa urahisi, na utapima ukungu.

Uwazi wa lenzi nao una sauti kubwa katika jambo hili. Nuru ikipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta iliyotakiwa kuwa ncha ya sindano huwa doa. Kwa nuru ya kijani, doa hilo lina kipenyo cha kama mikromita 7.5 kwenye f/5.6 na zaidi ya mikromita 21 kwenye f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo zaidi). Pikseli ya D810 ina upana wa karibu mikromita 4.9, na ya D750 karibu 6. Kwenye f/5.6, lenzi ya 85mm ilizipa kamera zote mbili taswira iliyo kali kuliko zilivyoweza kuimaliza, na D810 ikaonyesha faida yake. Kwenye f/16, doa la nuru limeshazimeza pikseli za kamera zote mbili, na nilipoweka picha kando kando kwa ukubwa mmoja sikuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Mpiga picha za bidhaa ambaye hufunga lenzi mpaka f/16 kila siku, ili kila kitu kiwe ndani ya fokasi, atalipia D810 asichokitumia.

Sasa nifike kwenye swali ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote: picha zinolewe vipi, yaani ziongezewe makali kwa programu kwa kiasi gani, kabla ya kulinganishwa? Kutumia JPEG kutoka kwenye kamera hakufai, kwa kuwa kila kamera huzinoa picha zake kwa kiasi alichopanga mtengenezaji. Kwa hiyo zote zilipigwa RAW, yaani data ghafi ya kihisi, na kufunguliwa kwenye RawTherapee, programu ya bure, kwa wasifu wake usioongeza chochote. Wengi husema kwamba usawa umeshapatikana hapo: hakuna kunoa kote kuwili, mipangilio ni ileile. Sikubaliani nao. D750 ina kichujio mbele ya kihisi kinachotawanya nuru kidogo kwa makusudi, ili nyuzi za nguo zisilete rangi za uongo. D810 haina kichujio hicho. Aliyetengeneza D750 alijua kwamba picha yake itatoka laini kidogo na itahitaji kunolewa, na ulaini wa kichujio ni wa aina ambayo programu inaweza kuurudisha nyuma kwa sehemu kubwa, kwa kuwa unajulikana na ni uleule kwenye picha nzima. Kuzinyima zote mbili kunoa ni kuipima moja ikiwa imekamilika na nyingine ikiwa katikati ya safari.

Utaratibu nilioufuata, kwa hiyo, ulikuwa kuinoa kila picha kwa kiasi chake mpaka pale ambapo kingo za herufi zinaanza kupata mstari mweupe kando, kisha kurudi nyuma hatua moja. Mstari huo mweupe ni ishara kwamba programu imeacha kurudisha kilichokuwapo na imeanza kubuni. D750 ilihitaji kunolewa zaidi, na kwa ISO 100 (ISO hapa ni kiwango cha usikivu wa kamera kwa nuru) hilo halikuleta chembechembe za kuudhi. Baada ya hapo picha zilibadilishwa ukubwa ziwe sawa, zikapewa majina yasiyoonyesha zilikotoka na mtu mwingine, ndipo nikazitazama. Sehemu hii ya mwisho isidharauliwe. Anayejua kwamba picha ya kulia imetoka kwenye kamera ya bei kubwa zaidi ataona makali zaidi upande wa kulia.

Matokeo yalitegemea ukubwa wa picha kuliko nilivyotazamia. Kwa Instagram, ambako picha huwekwa kwa upana wa pikseli 1080, hakuna tofauti hata chembe, na anayedai kuiona anaona rangi au mwanga. Kwenye skrini ya 4K, ambapo picha zote mbili hupunguzwa, tofauti ilikuwa ya kutafuta. Kwenye karatasi ya A3, D750 hutoa pikseli kama 364 kwa inchi na D810 kama 445. Kwa umbali wa kawaida wa kushika karatasi mkononi, sikuweza kuchagua iliyo bora mara nyingi kuliko ambavyo ningebahatisha tu. A2 ndiyo iliyotenganisha. Hapo D750 hushuka mpaka 257 hivi na D810 hubaki juu ya 300, na kwenye ukurasa wa gazeti herufi za chini kabisa zilisomeka bila taabu kwa D810, ilhali kwa D750 zilisomeka kwa anayejua tayari zimeandikwa nini. Vidoti vya picha za gazeti vilikuwa vidoti kwa D810. Kwa D750 baadhi yake vilishikana. Hizo ndizo asilimia 22 zilizotajwa juu, zikiwa zimeonekana kwa macho hatimaye.

Kikoi kilitoa hukumu tofauti. Kwa umbali fulani, nyuzi zake zilipokaribia kulingana na safu za pikseli, D810 ilichora juu ya kitambaa mawimbi ya rangi ya zambarau na kijani ambayo hayakuwapo. D750 nayo iliyachora, ila kwa ufifi. Mawimbi hayo yana sura ya ukali, na programu ya kupimia inaweza hata kuyahesabu kama ukali, lakini ni habari ya uongo na kuyaondoa baadaye kwenye suti ya bwana harusi au kanzu ya hariri ni kazi ya saa nzima. Kanga haikuleta shida hiyo kwa umbali huohuo. Maandishi yake yalitoka safi kwa zote mbili. Mpiga picha wa nguo anayefikiria D810 kwa sababu ya ukali afahamu kwamba nguo ndiyo mahali ambapo ukali huo humgeuka.

Kwa kazi ya mkononi, katika ukumbi wenye taa hafifu, faida ya D810 huyeyuka haraka. Msukosuko wa mkono unaofunika pikseli moja ya D750 hufunika zaidi ya moja ya D810, kwa hiyo kanuni ya zamani ya kuweka kasi ya shata ilingane na urefu wa lenzi, yaani karibu 1/85 kwa lenzi hii, haitoshi. Nilianza kuona vidoti vya D810 kama vilivyostahili nilipofika 1/250. Ukumbini kasi hiyo hudai ISO kubwa, na chembechembe za ISO kubwa hula mambo madogo kabla hujayafikia. D810 ina pia ISO 64, chini ya ISO 100 ya D750, na picha zake hapo ni safi mno, lakini hiyo ni zawadi ya mwenye tripodi na subira.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba anayepiga harusi, mikutano na habari anunue D750 na fedha inayobaki aiweke kwenye lenzi nzuri, kwa kuwa kwa kazi zake hataiona tofauti na wateja wake hawataiona. D810 inamfaa anayenakili michoro, ramani na nyaraka za zamani, anayepiga mandhari kwa tripodi, na anayechapisha A2 kwenda juu. Kwa huyo ni kamera bora waziwazi, na pazia lake la kielektroniki lina thamani kwake kuliko megapikseli zilizoandikwa kwenye sanduku.

Kwa kuwa zote sasa ni za mtumba, ukali wa hiyo utakayoshikishwa dukani unaweza usiwe ule nilioueleza. Nenda na lenzi yako unayoiamini na kadi yako ya kumbukumbu. Lenga maandishi yoyote yaliyo ukutani kwa uwazi mkubwa kabisa wa lenzi, piga picha moja kupitia kitundu cha juu na nyingine kupitia skrini, kisha uzikuze zote mbili papo hapo. Ikiwa ya skrini ni kali na ya kitundu ni laini, mfumo wa fokasi umepotoka. Kamera zote mbili zina marekebisho ya fokasi kwenye menyu, kuanzia −20 hadi +20, na upotovu mdogo hutibika humo. Ukifika mwisho wa kipimo hicho na picha bado ni laini, mrudishie muuzaji kamera yake. Na ikiwa upande mmoja tu wa picha ndio laini, geuza kamera juu chini na upige tena: ulaini ukibaki upande uleule wa picha, tatizo liko kwenye lenzi au mlango wake, na ukihamia upande wa pili, hukusimama sambamba na ukuta.